Jaji Horton na Wapiga Kura Wake

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, jaji anayesikiliza kesi kwa mara ya kwanza hapewi kiti chake na mkuu wa serikali. Hukiomba kwa watu. Kila baada ya miaka 6 jina lake hupigiwa kura chini ya chama, kama la mbunge. Ndivyo ilivyokuwa katika siku za James Edwin Horton, na ndivyo ilivyo hata leo. Msomaji aliyezoea majaji wa kuteuliwa aweza kustaajabu. Lakini desturi hii ina hoja yake, maana mwenye mamlaka asiyewajibika kwa mtu huota kiburi.

Horton alizaliwa mwaka 1878, akasoma sheria, akachaguliwa jaji mwaka 1922. Mwaka 1928 hakupata mpinzani. Alikuwa mtu wa mji wa Athens, mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, hata waandishi wa magazeti wakamfananisha na Abraham Lincoln.

Mwaka 1933 aliletewa kesi ya Haywood Patterson, mmoja wa vijana 9 weusi waliokamatwa Machi 1931 katika treni ya mizigo, wakashitakiwa kuwanajisi wanawake wawili weupe. Hukumu za kwanza zilikuwa zimetenguliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1932. Kesi ilisikilizwa upya mjini Decatur, na Horton aliwaamuru askari wawalinde wafungwa hata kwa risasi. Mmoja wa wanawake wale alisimama mahakamani akakana kwamba walinajisiwa. Ushahidi wa daktari haukuafikiana na maneno ya mlalamikaji. Pamoja na hayo baraza la raia 12, wanaume weupe watupu, lilimtia Patterson hatiani na kutaka auawe.

Horton angaliweza kunyamaza. Rufani ingalikwenda juu, na lawama ingaliwaangukia wengine. Alionywa, tena waziwazi, kwamba akiitengua hukumu atakikosa kiti. Tarehe 22 Juni, 1933, alisoma uamuzi mrefu, akiupima ushahidi kipande kwa kipande. Akaonyesha kuwa maneno ya mlalamikaji hayakuungwa mkono na lolote, akaamuru kesi ianze tena.

Ikaondolewa mikononi mwake, akapewa Jaji William Callahan, na Desemba ya mwaka uleule Patterson akahukumiwa kifo mara nyingine. Mwaka 1934 Horton alirudi kwa wapiga kura, akashindwa.

Waliomwondoa hawakuvunja sheria. Walitumia haki yao. Ila watu weusi wa Alabama, ambao uhai wa kijana wao ulikuwa katika mizani, karibu wote walikuwa wamenyimwa kura. Basi si sawa kusema kwamba watu walimhukumu jaji wao. Alihukumiwa na sehemu ya watu, ileile iliyokuwa imekwisha kuketi katika viti 12 vya Decatur, na ambayo yeye alithubutu kuiambia kwamba imekosea.

Horton hakurudi tena katika kiti cha hukumu. Alishika uwakili, kisha ukulima, akafa mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 95. Patterson alihukumiwa tena mwaka 1936, safari hii kifungo cha miaka 75. Akatoroka mwaka 1948, akafa mwaka 1952. Jimbo la Alabama lilimpa msamaha mwaka 2013.