Kumfuata Baba Watoto Kando ya Mto Missouri

Huenda umewahi kusikia juu ya wanaume wanaopiga makasia siku tatu mfululizo kwa hiari yao. Lakini wake zao, wanaowafuata kwa gari, hawatajwi sana.

Mashindano ya Missouri River 340, huko Marekani, yalianza mwaka 2006. Mitumbwi huondoka Kaw Point, pale Mto Kansas unapoingia Missouri, na kushuka maili 340, yaani kilomita 547 hivi, hadi mji wa St. Charles. Safari yote haina budi kumalizika kabla siku nne hazijatimia. Mto hauna bwawa wala maporomoko katika sehemu hiyo. Hatari zake ni nyingine: matishari, maboya ya chuma, na kuta za mawe zilizojengwa kutoka ukingoni ili kusukuma maji katikati. Usiku kuta hizo hazionekani, husikika tu zikivuma.

Kiangazi cha 2023 nilifuatana na dada yetu mmoja wa kanisani, mzaliwa wa Kisumu aliyeolewa Kansas City. Mumewe alikuwa mtumbwini peke yake. Sisi tulikuwa wahudumu wa nchi kavu, tukiwa na gari, kasha la barafu, maji, wali, ndizi, soksi kavu, plasta za malengelenge na betri za taa.

Nilidhani kazi ni kuendesha na kungoja. Kumbe barabara haifuati mto! Mto unapinda na barabara inaukimbia. Daraja liko mbali, na ukikosea ukingo utamwona mwenzio akipita ng'ambo na chakula umekishika mkononi. Lexington, Waverly na Miami ziko ukingo wa kusini. Glasgow iko ng'ambo. Lexington tulifika mapema, tukapata nafasi ya kutazama mahakama ya zamani yenye risasi ya mzinga iliyokwama katika nguzo wakati wa vita vya 1861. Alipofika, alikula amesimama majini. Dakika kumi, akaenda.

Usiku ulikuwa wa mbalamwezi. Mashindano hupangwa karibu na mwezi mpevu ili watu waone njia. Tulimtarajia Miami saa tisa usiku. Saa tisa ukungu ulishuka, na mwezi ule ule ukageuza kila kitu kuwa cheupe. Hatukuuona hata mto uliokuwa miguuni petu. Simu yake haikupatikana. Saa kumi na moja wake wengine walikuwa wamesimama nasi, wengine wakiomba, mmoja akigawa kahawa bila kusema neno. Dada yangu alikunja taulo lile lile, akalikunjua, akalikunja tena.

Saa moja na nusu asubuhi alitokea. Ukungu ulipoanza alikuwa ameuvuta mtumbwi mchangani, akalala ndani ya koti lake. Mkewe hakulia wala hakugomba. Alimpa chai, akamkagua viganja.

Jambo zito zaidi lilikuja Jefferson City, alfajiri ya siku ya tatu. Alisema ameona ng'ombe wakitembea juu ya maji. Wapiga makasia wengi hupatwa na maono ya namna hiyo kwa kukosa usingizi, nao huyasimulia wakicheka. Mkewe hakucheka.

“Baba watoto, kifungua mimba wetu anaitwa nani?”

Alinyamaza muda mrefu mno. Kisha akalitaja jina la mtoto wa pili.

“Basi, lala.”

Alibisha kwamba atapitwa. Mkewe akachukua kasia, akalifungia garini, ufunguo akautia mfukoni. Mimi naona hapo ndipo alipomhudumia kweli kweli, kuliko kwa wali wote tuliopika. Alilala saa tatu kwenye nyasi, kofia usoni, sisi tukiwafukuza inzi. Alipoamka alitaja watoto wote kwa mfuatano, bila kuulizwa, akadai kasia lake.

Hermann, mji ulioanzishwa na Wajerumani miaka ya 1830, tuliupita jua likitua. Washington tulimlisha gizani. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, mtumbwi uligusa nchi St. Charles. Hakuweza kusimama, tulimshika huku na huku. Aliketi kitini akauliza kama ndizi zimebaki. Ilikuwa imebaki moja.