Nilimpeleka Mathe Mombasa, Akatandika Kitanda cha Hoteli

Kuna watu huenda Mombasa na kurudi Nairobi bila kuiona Mombasa. Mnajijua. Mnashuka SGR pale Miritini, teksi mpaka Nyali, siku tatu ni kuogelea, bafe na selfi, halafu mnapanda treni tena. Sina ubaya na bafe. Lakini Disemba nilienda na mathe, na mathe ametandika vitanda vya hoteli Nairobi miaka kumi na tisa. Hajawahi kulala kwa kimoja. Niliweka pesa kidogo kidogo mwaka mzima ndio alale.

Kitu ya kwanza alifanya ni kuinua kona ya shuka. "Huyu ni mgeni kazini," akasema, "lakini ana mkono mzuri." Asubuhi nikaamka nikapata ametandika chake, taulo amekunja, takataka amefunga. Nikamwambia, mama, si tumelipia hiyo kazi? Akaniuliza kama najua msichana mmoja hupewa rumu ngapi kwa siku. Yeye alikuwa anapewa kumi na sita, na ile mgeni amechafua vibaya inakula muda wa mbili. Hata tip alinifunza: usiachie watu wa mapokezi, acha kwa rumu, tena kila asubuhi, juu wa kesho anaweza kuwa mtu mwingine.

Kisha kwa mlango wa bafe, jamaa akamwangalia mathe na leso yake, akamuuliza amekuja kulea watoto wa nani.

Manze, nilishikwa na hasira! Wageni wengine walikuwa wanapita na kaptura zikidondosha maji na hakuna aliyewauliza kitu. Mathe akataja namba ya rumu polepole, akaingia. Mimi nikadai meneja. "Huyo kijana ameambiwa aulize," mathe akasema. "Muulize aliyemwambia." Nikamuuliza. Meneja akatuletea juisi ya pasheni ya bure. Swali langu hakujibu mpaka leo.

Basi siku iliyofuata tukatoka mapema, matatu hadi mjini, na hapo ndio nilimuona mathe akipumua. Tulianza na mahamri na mbaazi, za nazi nzito. Fort Jesus tulizunguka karibu masaa mawili. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira kutoka 1696 na kuiteka 1698, halafu Waingereza wakaigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Watu husoma ya Wareno wakapita ya jela mbio. Mathe alisimama hapo kwa jela kuliko mahali pengine popote.

Mji wa Kale ukienda, usiende na haraka. Angalia milango, ile ya kuchongwa, na roshani za mbao juu ya vichochoro. Jioni tulikula viazi karai kando ya barabara. Mama muuzaji akamwambia mathe, "Karibu mamangu, nikutilie ukwaju?" Wakaanza stori za miguu kuvimba, ile ya watu wa kusimama mchana kutwa, na mimi nikasahaulika kabisa. Chakula chote cha sisi wawili hakikufika bei ya soda mbili kule hotelini.

Halafu feri ya Likoni, ambayo kwa mtu wa miguu ni bure. Tulivuka tukarudi, bila shughuli yoyote ng'ambo, tukiangalia meli kubwa zikielekea Kilindini.

Nikiulizwa kama hoteli ilikuwa poa: kiyoyozi kilifanya, godoro lilikuwa tamu, na usiku wa mwisho mathe alilala mpaka saa tatu asubuhi. Sijawahi kumuona akilala hadi saa tatu. Kitanda bado alitandika.

Sasa anauliza nauli ya Kisumu ni ngapi.