Diko Katikati ya Mji

Mwezi Mei, Jumamosi na Jumapili, nilizunguka pwani ya kusini ya Uingereza na wanangu wawili. Siku ya kwanza tulishukia Eastbourne, tukapanda hadi Beachy Head, jabali jeupe la chokaa lenye kimo cha mita 162. Pazuri mno. Lakini moyo wangu ulinasa kesho yake, Hastings, kwenye ufuo uitwao Stade.

Pale mashua hushushwa majini kutoka kwenye kokoto, na zikirudi huvutwa juu kwa mashine. Nyuma yake vimesimama vibanda vyeusi vya mbao, vyembamba na virefu kama minara. Nafasi ilikuwa finyu, wavuvi wakajenga kwenda juu, wakahifadhi humo nyavu na kamba zisiozeshwe na mvua. Mtalii anapiga picha, na hatua chache tu mvuvi anakung'uta wavu. Hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Tulikula gayogayo wa kukaanga kwa chipsi. Mtamu kweli, ila nilitamani ndimu na pilipili ya kusaga. Kwenye kibanda cha samaki nikamkuta dome, wino bado unamchuruzika; majira hayo husogea ufuoni kutaga mayai. Muuzaji akaniambia wengi wao huvushwa kwenda kuuzwa Ulaya bara. Nikamkumbuka pweza wetu, naye husafirishwa hukohuko.

Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko, pwani ya kusini ya Tanzania; kusini kwa kusini. Nikampigia shangazi. Kwao saa tisa alasiri, ameshatoka mwambani, kwa kuwa ilikuwa bamvua na maji yalikupwa tangu asubuhi. Alikuwa akimpiga pweza kigongo alainike.

"Shikamoo, shangazi. Nimenunua dome."

"Marahaba, mwanangu. Huyo dome mpasue taratibu, wino usije ukakuharibia nguo. Nazi mnaipata huko?"

"Ya kopo."

Akaguna. Nilimwelewa.

Masoko iliwekewa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi mwaka 2023, nami nalifurahia jambo hilo. Nimeona mara nyingi samaki wa watu wakiharibika kwa kukosa barafu, mwenye mali akiuza kwa bei ya kutupa. Vijana nao wanahitaji kazi isiyowalazimu kuhama kama nilivyohama mimi. Ila diko la mashua ndogo, mnada wa mchangani na makarai ya kina shangazi ningependa vibaki mjini, machoni pa watu, kama vibanda vile vyeusi.

Mgeni huvuka kwenda Kilwa Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Jua humchoma, akarudi ana njaa. Anaposhuka mashuani, miguu ingali na maji ya chumvi, harufu ya pweza wa shangazi inakuwa imeshamfikia. Shangazi asihamishwe hapo.