Gari lililonitoa machozi

Wahenga walisema rahisi ghali, nami nimeuonja ukweli wa maneno hayo. Sisimulii haya kwa kupenda kuanika aibu ya nyumba yangu. Nasimulia ili wewe msomaji, unayejinyima upate kununua gari lililotumika, usitumbukie katika shimo nililotumbukia mimi.

Ilikuwa mwaka wa 2018. Mimi ni mwalimu, na nilikuwa nimepata mkopo wa sacco wa Sh450,000. Jumamosi moja adhuhuri, mke wangu nami tulifika katika yadi moja jijini Nairobi. Kijana mtanashati, mwenye ulimi wa asali, alitupokea kwa soda baridi, kisha akatuonyesha Toyota Corolla jeupe lililong'aa kama kioo. Mita ilionyesha kilomita 68,000.

Alipoliwasha, liliitika mara moja. Laiti ningaligusa boneti kwanza! Injini iliyopashwa moto mapema huficha kasoro nyingi. Mke wangu aliinama chini ya usukani, akauliza: "Mbona mpira wa pedali ya breki umelika hivi, na gari limetembea kidogo?"

"Hiyo ni kawaida, mama," kijana akajibu akicheka. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kuna daktari anakuja na pesa zake saa tisa. Ukilikosa usinilaumu."

Mke wangu alinivuta kando. "Baba watoto, turudi Jumatatu na fundi wetu. Na hati ya umiliki iko wapi?"

Nilimwambia asiniaibishe mbele ya watu. Kijana alidai hati ilikuwa ikishughulikiwa, ningeipata baada ya wiki mbili. Nikalipa pesa zote.

Wiki mbili ziligeuka miezi mitatu, na simu yake haikushikwa tena. Asubuhi moja wapiga mnada walibisha langoni wakiwa na stakabadhi mkononi. Kumbe gari lilikuwa limewekwa dhamana, na jina la mkopeshaji liliandikwa kwenye hati pamoja na la mwenyewe! Kitinda mimba wangu, mkoba wa shule mgongoni, aliniuliza mbona watu wale wanaenda na gari letu. Sikuwa na jibu.

Wakili niliyemwendea alinieleza kwamba mtu asiye na haki ya kuuza kitu, kwa kawaida hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Ningeweza kumshtaki aliyeniuzia, lakini kwanza nimpate. Kwa miaka mitatu mshahara wangu ulikatwa kulipia gari ambalo sikuwa nalo, huku nikipanda matatu.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa hata shilingi, itafute rekodi ya gari katika mamlaka ya NTSA. Siku hizi hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, kwa ada ndogo. Hakikisha jina la mwenye gari ni la anayekuuzia, na kwamba hakuna benki wala mkopeshaji analolidai. Linganisha nambari ya chasisi iliyo kwenye gari na ile ya kwenye hati. Nenda na fundi wako mwenyewe, tena asubuhi, injini ikiwa baridi. Inua mazulia utazame kutu, na ukiona moshi wa samawati, jua injini inakula oili. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Pedali, usukani na kiti hazijui kudanganya. Na yeyote anayekuharakisha, mwachie huyo daktari wake alinunue.

Mke wangu hajawahi kunisimanga hata siku moja, na hilo ndilo huniuma zaidi. Tuliponunua gari jingine mwaka wa 2022, yeye ndiye aliyeshika pesa. Mimi nilishika tochi.