Flopi ya Mjomba

Mimi ndiye niliyepoteza maandishi ya mjomba. Si umeme, wala si kompyuta.

Aliniletea flopi ya inchi 3.5 ndani ya mfuko wa nailoni. Humo alikuwa ameandika ukoo wetu, vizazi kwa vizazi, kama alivyosimuliwa na bibi kabla hajafariki. Nilipovuta kile kibati chake kando, niliona madoa ya ukungu kwenye sahani nyeusi. Kiendeshi kilikwaruza, kikasita, kikasoma. Sekta zote 2,880 ziliingia kwenye faili moja la baiti 1,474,560.

Faili hilo ndilo flopi bandia. Linux hulipachika kama diski halisi. Unafungua, unaandika, unahifadhi, flopi yenyewe huigusi tena. Nilijua ukiitengeneza kwenye RAM itakufa umeme ukikatika, ndiyo maana nikachagua diski kuu. Na kwa kuwa niliitaka ya muda tu, mpaka tumalize kusahihisha, nikaiweka kwenye folda ya /tmp. Niliamini kilichoandikwa kwenye diski kuu hakiondoki. Kanuni ya folda yenyewe sikuiuliza.

Jioni baada ya jioni mjomba alikaa kando yangu, anasoma kwa sauti, mimi narekebisha majina na kujaza miaka aliyoikumbuka. Kila mara nilihifadhi. Kompyuta sikuizima.

Kisha umeme ukakatika. Uliporudi niliwasha, nikafungua /tmp, nikakuta vifaili vya mfumo tu. Nikatazama saa iliyoandikwa mbele ya kila kimoja: vyote vya dakika ile ile, hakuna hata kimoja cha jana. Hapo nikaelewa. Debian, aina ya Linux niliyokuwa nayo, ilikuwa ikifagia /tmp kila ilipowaka. Ilifanya kazi yake.

Nikairudia flopi. Haikusomeka, kichwa cha kusomea kilishaburuta ukungu na kuacha mchirizi mwembamba ukiizunguka sahani. Kwenye diski kuu, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa ikaniletea vipande visivyoungana.

Nakala ilihitaji amri moja tu, cp. Sikuiandika.

Nilimwambia siku ile ile: "Mjomba, nisamehe. Nimepoteza kazi yako, sikuweka nakala." Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nina daftari. Vizazi vya karibu tumeviandika upya. Majina ya upande wa mama yake bibi, mjomba hayakumbuki, na wa kumuuliza hayupo.