Likizo ya Mama Pia

Ukikodi nyumba Shela, kisiwani Lamu, usihamishie huko jiko lako. Sisi tulipokwenda siku tano, tuligawana kazi pale Mokowe kabla ya kupanda boti: baba watoto atanunua samaki, mpishi wa nyumba atapika, watoto wataosha vyombo. Mimi nilijilaza juu darini, kivulini mwa makuti, nikisikiliza kwato za punda. Vichochoro vya Shela ni vyembamba, gari halipiti, na kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia joto. Jioni sote tulitembea ufuoni. Mpishi analipwa, ndiyo. Lakini mama akirudi Nairobi amechoka kuliko alivyoondoka, ni nani aliyekuwa likizoni?