Kete ya Malkia Nefertari

Katika Bonde la Malkia, magharibi ya mto Naili, mkabala na mji wa Luxor, limo kaburi la Nefertari, mke wa Farao Ramses wa Pili. Mtaliano Ernesto Schiaparelli alilifungua mwaka 1904. Ukutani malkia amechorwa ameketi, amevaa kanzu nyeupe, mkono ameunyoosha kwenye ubao wa mchezo. Mbele yake hakuna mtu.

Mchezo huo ni seneti, jina lenye maana ya kupita. Ubao wake una nyumba 30, safu tatu za nyumba kumi kumi. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja ana kete zake, tano au saba. Hutupwa vijiti vinne, bapa upande mmoja na vya mviringo upande wa pili. Hatua za kete hutokana na pande zilizoelekea juu. Kete hwenda safu ya kwanza, hurudi kwa ya pili, kisha hwenda tena kwa ya tatu, mfano wa nyoka. Nyumba ya 26 ni ya Uzuri, na ya 27 ni Maji, ambamo kete huzama ikarudishwa nyuma. Anayetangulia kuzitoa kete zake zote ndiye mshindi.

Hivyo ndivyo unavyochezwa leo, lakini kanuni hizi ni makisio ya wataalamu, miongoni mwao Timothy Kendall, waliyoyapata kwa kuzichunguza mbao na michoro. Wamisri hawakuacha maandishi ya kanuni zao. Waliandika juu ya mawe majina ya wafalme, vita na sadaka, ila kanuni za mchezo huu hawakutuachia, labda kwa kuwa nani asiyezijua? Huenda watoto walijifunza kwa kutazama mikono ya wakubwa.

Awali seneti ilikuwa burudani tu. Baadaye ikawa mfano wa safari ya roho baada ya mauti. Kitabu cha Wafu, mlango wa 17, humtaja maiti akiicheza. Ndiyo maana Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilivumbuliwa mwaka 1922, alizikwa na mbao za seneti. Na ndiyo maana Nefertari hana mshindani wa kuonekana: anachezea kupita kwake.

Miaka zaidi ya elfu tatu imepita. Rangi za ukutani zingali zinang'aa, na mkono wa malkia ungali umenyooka. Yeye aliijua hatua inayofuata. Waliobaki ndio wanaoikisia.